Mpishi Aliyekimbia Chakula Chake

Juzi nimesikia kwamba mama mmoja wa Nyakabuye ametolewa kibofu cha nyongo, amerudi nyumbani, na sasa kila akila anakimbilia chooni, na majirani wameshaanza kumtafuta aliyemtilia sumu. Nilipomaliza kusikia nilirusha kikombe ukutani. Kilikuwa cha plastiki, hakikuvunjika, na hilo nalo likaniudhi.

Kwa hiyo nisikilizeni, ninyi mnaoshika mwiko siku hizi, na ninyi msioshika chochote pia, maana matumbo mnayo nyote. Nitawaeleza lililonipata nilipokuwa bado mpishi wa sherehe hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Sitalieleza kwa upole. Upole niliutumia wote wakati ule na haukunisaidia.

Naitwa Shabani. Shule niliiacha mapema, na msidhani ni kwa kukosa akili. Barabara ilipita mbele ya darasa letu, nami nilitaka kujua inakwenda wapi. Ilikwenda Bugarama, nikaenda. Kutoka Bugarama malori yalikwenda Bujumbura, nikapanda juu ya mizigo. Nimekaa Uvira, nimekaa Bukavu, nimevua samaki vibaya na kushona viatu vibaya zaidi. Kazi pekee ambayo watu hawakunifukuza nayo ni kupika. Nilianza kwa kuwapikia madereva, na dereva mwenye njaa ni mwalimu mkali: chakula kikiwa kibovu hasemi, anakimwaga kwenye matairi mbele yako.

Upishi wa sherehe nilifundishwa na Mzee Hamisi, aliyekuwa mpishi wa pilau wa familia nyingi za Kiislamu hapa Kamembe. Nilikaa kwake muda mrefu kuliko nilivyokaa popote. Alikuwa na mdomo mchafu na mikono misafi. "Wewe Shabani," aliniambia siku ya kwanza, "una macho ya mbuzi aliyekata kamba. Kaa hapa, koroga, usitazame barabara." Alinifundisha kwamba vitunguu vya pilau havina haraka, kwamba maji ya kuongezea kwenye mchele lazima yawe ya moto, kwamba moto wa sufuria kubwa unapunguzwa kwa kuvuta kuni nje, si kwa kuzimwagia maji kama mtu anayezima nyumba. Siku niliyopasua nyongo ya mbuzi kwa kisu, ule ukijani ukamwagika juu ya ini lote, hakunipiga. Alikata kipande cha lile ini, akakichoma, akanipa.

"Kula."

Nilikula. Hadi jioni hata maji yalikuwa machungu mdomoni. Tangu siku hiyo nyongo niliikata mbali, kwa vidole viwili, nikiwa nimeshika pumzi.

Lakini kanuni yake kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mpishi anaonja mbele ya watu. Ninyi wa leo mnaonja jikoni, mnaramba kijiko mkitazama simu. Kwetu, upande huu wa mto Rusizi na upande wa pili, mtu hagusi kinywaji wala chakula kabla aliyekileta hajakigusa. Wanyarwanda wanaita gusogongera. Anayekupa pombe anakunywa kwanza, anayekupa chakula anakula kwanza, na hapo mgeni anatulia moyoni. Watu wa huku wanaogopa sumu. Bukavu wanaiita karuho, na hakuna mtu asiyekuwa na shangazi aliyekufa nayo, angalau katika maneno ya familia. Kwa hiyo Mzee Hamisi alisimama mbele ya wazee, akafunua kila sufuria, akachukua tonge la mtu mzima, akameza huku wanamtazama koo. Ndipo sahani zikaanza kutembea. Alipostaafu akaniachia masufuria na ile kazi ya kumeza.

Niliifanya kwa furaha miaka mingi. Wembamba wangu wote mnaouona sasa, wakati ule haukuwepo.

Halafu yakaja maumivu. Chini ya mbavu za kulia, baada ya kula vizuri, kama mtu ananikamua kitambaa ndani. Yalikwenda hadi begani. Nilitapika, nikalala, yakapita, yakarudi. Mwishowe nilipelekwa hospitali moja kubwa, mbali na hapa, na sitaitaja kwa sababu hasira yangu haitafuti jengo. Wakanipiga picha za tumbo, wakaona mawe kwenye kibofu cha nyongo, wakakitoa. Nawashukuru kwa mkono mzuri. Kovu ni dogo, na yale maumivu ya kukamuliwa hayajarudi hata siku moja.

Mnanijua, siwezi kuona kitu nisikiulize. Niliomba kuyaona yale mawe. Daktari akacheka, akaniletea kwenye kichupa. Nikayatikisa. Nikauliza yametokana na nini, yana umri gani, mbuzi naye anayapata, ng'ombe je. Nikauliza tundu lililobaki ndani linajazwa na nini. Daktari alinijibu yote mpaka muuguzi akamwita. Niliuliza kila kitu isipokuwa kile ambacho sikujua kinaulizwa: mtu asiye na kibofu hiki akila, itakuwaje? Siku ya kutoka waliniambia hivi: "Papa, umepona. Nenda, kula kama kawaida."

Kama kawaida! Kawaida ya nani? Waliuliza kazi yangu? Kawaida yangu mimi ilikuwa nyama ya mbuzi inayoogelea kwenye mafuta yake, sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa hadi wanalia kama karatasi, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese mazito. Kuna mtu mwingine ambaye kawaida yake ni ugali na maharage. Tuliambiwa neno moja sote wawili, tukapewa mkono wa kwaheri.

Nyumbani tumbo likaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima na gia isiyo yake. Gesi. Kuvimba. Na nikila cha mafuta, haipiti muda ninatafuta choo, tena kwa mbio, maji matupu ya njano yanayochoma. Nilifikiri ni kidonda cha ndani kinapona. Nilikwenda kwa mwenye duka la dawa, nikamweleza, hata hakunyanyua kichwa. Akanipa dawa ya minyoo. Nikaimeza. Minyoo kama ilikuwepo ilikufa bila hatia.

Sasa niwape Maman Furaha, kwa sababu hadithi hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Maman Furaha alitoka Bukavu. Alivuka mpaka kila asubuhi na dumu la mawese mgongoni, akakaa soko la Kamembe, akauza, jioni akarudi kwa watoto wake. Mume alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu na hakurudi, wala yeye wala dhahabu. Kwenye sherehe zangu yeye ndiye aliyekuwa mkono wangu wa pili: mimi pilau na nyama, yeye sambaza na sombe. Sombe yake iliwafanya watu wazima wagombane. Aliitwanga mwenyewe, aliichemsha muda mrefu bila kifuniko ili ule ubaya wa majani ya muhogo utoke na mvuke, na mawese aliyatia baadaye kabisa, si mwanzoni kama mnavyofanya ninyi mkapata uji mwekundu. Alikuwa Mkristo wa kuimba. Aliimba akikoroga, na akikosa maneno ya wimbo aliweka matusi yangu mimi.

Asubuhi ya harusi ya mtoto wa Mzee Sadiki, mfanyabiashara wa vitambaa anayeheshimika hapa mjini, tulikuwa uani kwake tangu alfajiri. Maman Furaha akanitazama nikifunga kanga kiunoni juu ya kanzu, akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu:

"Papa Shabani, unakonda. Kule hospitali balikutoa nyongo ao balikutoa nyama?"

"Wamechukua vyote, wameniacha na ulimi."

"Hapo njo balikosea. Balipaswa kuanza na ulimi."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka sana asubuhi ile. Sikuwa nimekula kitu, maana mpishi hali mpaka wageni wale.

Saa ya kuonja ikafika. Wazee wamekaa mbele, upande wa bibi harusi umekaa kulia, watu waliotoka mbali, hawatujui, wanatutazama mikono. Nikafunua pilau, nikala. Nikafunua nyama, nikala kipande chenye mafuta kwa sababu kipande kikavu kinaonekana kama hila. Sambaza, nikatafuna. Sombe mwishoni. Nikameza, nikasema bismillahi yenu sasa, karibuni. Dua ikasomwa. Sahani zikaanza kutembea, na watu wa mbele walikuwa wameshika matonge hewani.

Ndipo tumbo likanigeuka.

Sikuwa na hiari. Niliinua kanzu kwa mikono miwili, nikakimbia. Choo cha Mzee Sadiki kilikuwa nyuma ya hema la wanawake, kwa hiyo nilikimbia mbele ya harusi nzima, mbele ya bibi harusi, mzee mzima na kanga yangu ya jikoni ikipepea. Nikiwa ndani nilisikia kelele za sahani zikinyamaza moja moja. Halafu sauti moja ya mwanamke: "Mpishi! Mpishi ameonja, amekimbia!"

Na nyingine: "Alimalizia na nini?"

"Sombe."

"Nani alipika sombe?"

Mnaona ilivyo haraka? Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa na hukumu ilikuwa imeshatoka.

Nilipotoka, dada yake Mzee Sadiki alikuwa ananingoja na jagi la maziwa. Huku kwetu mtu aliyelishwa sumu anapewa maziwa, na hayo yalikuwa maziwa hasa, ya ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi, na utando wa mafuta juu. "Kunywa, Shabani, kunywa yote, yafukuze." Wanaume wawili wamenishika mabega. Nikanywa. Na kwa kuwa sasa ninajua ninachokijua, naweza kuwaambia kwamba hakuna jambo baya zaidi ambalo wangeweza kunimwagia tumboni. Nilikimbia tena kabla jagi halijawekwa chini.

"Munaona?" wakapiga kelele. "Sumu inatoka!"

Niliwaambia. Msije mkasema Shabani alinyamaza kwa aibu. Nilisimama mlangoni pa choo, jasho linanitoka, nikasema kwa sauti: "Ni tumbo langu! Liko hivi tangu nipasuliwe. Nyumbani pia linafanya hivi. Kuleni chakula cha watu!"

Mzee Sadiki akanijia karibu. Uso wake ulikuwa umekauka, kwa maana wakwe walikuwa wanakusanya watoto wao.

"Shabani, usimufunike huyu mwanamuke."

"Simfuniki. Nasema ukweli."

"Ju ya nini unamutetea hivi? Eko nani kwako?"

Watu wakacheka kile kicheko. Mnakijua.

Maman Furaha alikuwa amesimama kando ya sufuria yake na upawa mkononi. Alichota bakuli la sombe, akalijaza, akala lote mbele yao, polepole, mpaka akaramba upawa. Kisha akawatazama. Mnajua walisema nini? Walisema: "Mwenye sumu anakuwa na dawa yake." Hebu niambieni ninyi wenye shule, mtu wa namna hiyo unamwonyesha nini aamini? Nikikimbia, ni sumu. Yeye asipokimbia, ni sumu.

Chakula chote kilichimbiwa shimo. Pilau yangu, mbuzi, sambaza, vyote vikazikwa na watu wakarudi makwao na njaa. Kulipokucha tulikuta mbwa wa mtaa wamefukua shimo, wamekula mpaka matumbo yanagusa chini, wamelala juani wanapumua vizuri. Nikakimbia kumwita Mzee Sadiki: njoo uone mbwa! Akaja, akatazama, akasema mbwa harogwi.

Nilitaka kuuma mtu.

Mimi walinipa pole. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mimi niliyeharibu harusi kwa tumbo langu nililetewa supu na ndizi, nikaombewa dua. Maman Furaha alikaa sokoni na hakuna mtu aliyesimama mbele yake. Wanawake waliomjua tangu wakiwa wasichana walipita upande wa pili wa njia, wakanunua mawese mabaya yaliyochanganywa, kwa jirani yake. Alikuja hata hivyo. Alivuka kila asubuhi na dumu limejaa, akakaa, jioni akavuka na dumu limejaa. Nilikwenda kukaa naye nikinunua mimi. Akanifukuza.

"Ukinunua weye, banasema tunagawana sumu. Nenda ukatafute ile ilikukimbiza. Ukiipata, unakuya."

Nikaenda kutafuta.

Kuna muuguzi anayeishi Gihundwe, anapita kwa miguu kwenda kazini, watu wanamwita Muganga Vestine. Nilikuwa nimempikia sherehe ya ubatizo. Nilimngoja barabarani, nikamshikia njia, nikamweleza kila kitu, na choo, na rangi, na maziwa. Pikipiki zinatupigia honi, yeye amesimama tu na mkoba wake, ananisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ulipotoka hospitali walikueleza nini kuhusu nyongo?"

"Waliniambia nile kama kawaida."

Akafumba macho kidogo.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza ninyi kama alivyosema. Kwa Kinyarwanda kile kibofu kinaitwa agasabo k'indurwe, kibuyu kidogo cha nyongo. Nyongo yenyewe haitengenezwi mle, inatengenezwa na ini. Kibuyu kilikuwa kinaiweka, na ukila mafuta kinaikamua yote kwa pamoja iyavunje. Ukikitoa kibuyu, ini linaendelea kutengeneza, lakini sasa inadondoka mchana kutwa bila pa kukaa. Kwa watu wengi utumbo unazoea na hawasikii kitu. Kwa wengine, hasa wakila mafuta mengi mara moja, nyongo inateremka kupita kiasi mpaka utumbo mkubwa, nao unachomeka, unamwaga maji, na mtu anakimbia. Kwa wengi tatizo hilo linaisha baada ya wiki au miezi. Kwa wachache linabaki, na kuna dawa ya unga inayoikamata nyongo, lakini hiyo ni daktari aamue baada ya kukuangalia.

"Sasa sikiliza, Mzee," akasema. "Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Usikae na njaa asubuhi nzima halafu umeze mafuta. Mafuta punguza, usiyakate yote. Kahawa na pilipili vijaribu uone kama vinakusumbua. Na ukipata homa, au macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kikapauka, au maumivu makali yakarudi, hapo hungoji mtu, unarudi hospitali siku hiyohiyo. Ukiona damu pia. Na hiyo dawa ya minyoo nani alikupa?"

Nilimwuliza kwa nini sikuambiwa mambo haya yanayosemwa kwa muda wa kutembea kutoka hapa hadi pale kwenye duka. Nilimwuliza kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Hakukasirika.

"Siku ya kutoka, kuna mgonjwa mwingine anangoja kile kitanda. Mtu anasema neno fupi kwa kuwa ni kweli kwa wengi. Una haki ya kukasirika, Mzee Shabani. Ila mimi unanichelewesha."

Nikamwachia njia. Hasira ikabaki nami, na iko nami bado. Neno fupi! Neno fupi la chumba kimoja limevuka nchi nzima likaja kumkalia mwanamke wa watu sokoni Kamembe. Aliyelisema hata leo hajui.

Nilimpeleka Muganga Vestine kwa Mzee Sadiki siku yake ya mapumziko. Mzee akamsikiliza kwa adabu, akampa chai, akasema: "Muganga anasema mambo ya hospitali. Hii haikuwa ya hospitali." Hakuwa mtu mbaya. Wakwe zake walikuwa wanasema nyumba yake inalisha watu sumu, na aliona heri sumu iwe ya mwanamke wa mbali kuliko isiwe ya mtu yeyote.

Nikasema: basi tupike tena. Hapahapa, sombe ileile, mawese yaleyale, mpishi yuleyule. Nitakula mimi na atakula Muganga, sufuria moja. Ikiwa sumu, tutakimbia wote wawili. Ikiwa nyongo, nitakimbia peke yangu.

Mzee Sadiki akawaita wazee walewale. Maman Furaha akaja na sufuria yake, hakumsalimia mtu, akapika. Nikaonja. Muganga Vestine akajichotea sahani kamili akasema ametoka zamu, ana njaa. Tukakaa tukangoja.

Nikangoja. Wazee wakanitazama tumbo kama watu wanaongoja basi.

Lile tumbo lililoniaibisha mbele ya bibi harusi, siku hiyo likatulia kama mtoto mchanga! Mwenyewe nilikuwa nimeliharibu lile jaribio: tangu yale mazungumzo ya barabarani nilikuwa ninakula kidogo kidogo kama nilivyoambiwa, asubuhi ile pia, na kwa woga nilikuwa nimeonja tonge dogo.

"Mbona haukimbii?" akauliza Mzee Sadiki.

"Subiri."

"Basi siku ile ilikuwa sumu."

Maman Furaha akageuka kutoka kwenye moto. "Papa Shabani! Siku ya kukaa ulikimbia, leo ya kukimbia unakaa? Kimbia, muntu ya Mungu!"

"Ninajaribu!"

Muganga Vestine alikuwa anajizuia kucheka na mdomo umejaa. Nikasema: leteni sahani, leteni nyama ya jana ikiwa na mafuta yake, leteni maziwa. Dada yake Mzee akaleta jagi lilelile. Nikagawana na Muganga nusu kwa nusu mbele ya macho yao. Nikala sombe sahani nzima kwa njaa ya hasira. Na hata hivyo tukakaa, mpaka mzee mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Halafu likaja. Sijawahi kufurahia kitu kama vile. Nilisimama, nikasema, "Waheshimiwa, kwaherini," nikainua kanzu. Niliporudi Muganga Vestine alikuwa anaongeza sombe, na wazee walikuwa wamelala mikekani kwa kicheko. Mzee Sadiki anajifuta machozi. "Kumbe ni Shabani! Kumbe ni tumbo ya Shabani tu! Leteni sahani, tule."

Maman Furaha akafunika sufuria. Akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Hapana, Mzee."

"Ni nini tena, Maman? Imeisha. Tumeona."

"Mumeona nyiye. Banamuke ba soko baliona?"

"Nitatuma muntu awaambie."

"Siku ile ulituma muntu? Ilienda yenyewe. Hii haitaenda yenyewe." Akasokota kitambaa, akakiweka kichwani, akainua sufuria ikiwa bado ya moto, akaipandisha juu yake. "Mwenye njaa anifuate."

Akatoka. Wazee wakatazamana. Harufu ya ile sombe ikatoka naye getini, nao wakasimama mmoja mmoja wakavaa viatu. Mjini Kamembe mchana ule watu waliona mwanamke na sufuria kichwani, nyuma yake Mzee Sadiki na kofia yake, nyuma yake wazee, nyuma yao Muganga Vestine na sahani mkononi, na mimi mwisho, nikitembea kwa hatua fupi kwa sababu maziwa hayakuwa yamemaliza mazungumzo yake. Tulipofika soko nikalazimika kuachana nao mlangoni. Kwa hiyo yaliyofuata niliyaona nikichungulia kutoka choo cha soko, ambacho kwa bahati kinatazamana na wauza mafuta.

Aliweka sufuria chini mahali pake pa kila siku. Akafunua. Vichwa vikageuka kutoka kwenye nyanya hadi kwenye dagaa. Akachota, akampa Mzee Sadiki mkononi bila kijiko.

Mzee akala. Mawese yakamteremka kwenye ndevu nyeupe.

Muuza nyanya mmoja akapaza sauti: "Mzee, hauogope?"

"Naogopa itaisha," akasema, akanyoosha mkono tena.

Watu wakaanza kucheka, wakasogea. Maman Furaha hakucheka. Alirudisha upawa ndani ya sufuria, akaushikilia.

"Sema, Mzee."

"Chakula kilikuwa kizuri."

"Si chakula. Miye."

Mzee Sadiki akatazama chini, kisha akawatazama wale wanawake. "Maman Furaha hakutia sumu," akasema kama mtu anayekohoa.

Na mimi, nimeshika mlango wa choo kwa mkono mmoja na kanzu kwa mwingine, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Huku nyuma hatujasikia!"

Akarudia.